Miaka 6,000 au bilioni 4.5: Wakristo wanabishania nini hasa kwenye Mwanzo sura ya kwanza?

Kwaya ikienda kutembea mapango ya Amboni, hapo kilomita kama nane kutoka Tanga mjini, ujue ubishi utarudi nao kwenye Hiace. Muongoza wageni akishawasha tochi anaanza, haya mawe ni chokaa, yalikuwa chini ya bahari, miaka milioni mia moja na hamsini iliyopita, na hapo hapo kuna mama mmoja wa sauti ya kwanza atanong'ona "milioni? mbona Biblia imesema elfu sita?", na kuna kijana kamaliza fomu six juzi naye atajibu kwa dharau kidogo, basi, mpaka mnafika Chumbageni gari zima limegawanyika. Siku hizi inamalizikia kwenye grupu la WhatsApp, voisi noti za dakika saba saba, huyu kaitwa mpagani, yule kaitwa mshamba.

Wengi wanadhani huu ni ugomvi wa Biblia na sayansi. Sehemu kubwa sio. Ni ubishi wa Wakristo kwa Wakristo, watu wanaokiri imani ile ile ya Mitume na kusoma mistari ile ile, na ulianza kabla hata hajazaliwa mwanasayansi wa kumlaumu. Ndio maana ukiuliza kwa mchungaji wa Kisabato, kwa padri na kwa mwinjilisti wa kanisa la kiroho utapata majibu matatu tofauti na wote wana Biblia mkononi.

Kinachochanganya ni kwamba maswali manne yanapikwa sufuria moja. La kwanza, nani aliumba? Hilo halina mgogoro, wote wanasema Mungu. La pili, zile siku sita ni siku za namna gani? La tatu, dunia ina umri gani? La nne, mageuzi, yaani kama viumbe vimetokana na viumbe vingine kwa kubadilika taratibu vizazi na vizazi. Mtu akikwambia dunia ina miaka bilioni nne na nusu wewe unaruka moja kwa moja "kwahiyo babu yako nyani", hapana, hajasema hivyo. Hugh Ross kwa mfano ni mtaalam wa elimu ya anga, Mkristo wa kiinjili, anafundisha dunia ya mabilioni ya miaka na mageuzi ya Darwin anayakataa. Hayo ni maswali mawili na kila moja lina mistari yake.

Ili tusichanganyane, wanaosema dunia ina maelfu machache ya miaka nitawaita watu wa dunia changa, na wanaosema ina mamilioni au mabilioni nitawaita watu wa dunia kongwe. Wote wawili ni Wakristo humu ndani.

Sasa hiyo elfu sita imetoka wapi. Fungua Biblia utafute mstari unaosema dunia ina miaka elfu sita, hautaupata. Ni hesabu ya kujumlisha. Mwanzo 5 inasema Adamu alipokuwa na miaka 130 akamzaa Sethi, Sethi akiwa na 105 akamzaa Enoshi, unaendelea hivyo hivyo, mpaka gharika inakuja unapata miaka 1,656, alafu unaunga na Mwanzo 11 na wafalme. Aliyeifanya ikawa maarufu ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, ambaye mwaka 1650 alichapisha hesabu yake kwamba kuumba kulianza usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba mwaka 4004 kabla ya Kristo. Watu wanamcheka sana huyu mzee lakini alikuwa msomi wa nguvu, alikaa na vitabu vya Wagiriki, Warumi na Waajemi akalinganisha tarehe kwa tarehe. Tatizo lilikuja baadae, kuanzia mwaka 1701 tarehe zake zikaanza kuchapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na ukisoma kitu kwenye ukurasa wa Biblia tangu utotoni, hata kama kipo pembeni, unakua unajua ni neno la Mungu.

Na sio yeye tu aliyejumlisha. Wayahudi kalenda yao inaanzia mwaka 3761 kabla ya Kristo. Wakristo wa Konstantinopo walihesabu 5509. Imekuwaje? Ile Biblia ya Kigiriki iliyotumiwa na kanisa la kwanza ina umri mkubwa zaidi kwenye orodha ile ile, Adamu anamzaa Sethi akiwa na miaka 230 badala ya 130. Kwahiyo hata ndani ya dunia changa namba ni zaidi ya moja.

Alafu kuna ishu ya kuruka majina. Mathayo 1:8 anasema Yoramu akamzaa Uzia, wakati ukisoma vitabu vya Wafalme kati yao kuna Ahazia, Yoashi na Amazia, wafalme watatu wazima wamerukwa na Mathayo haoni shida, maana "kuzaa" kwenye orodha hizi inaweza kuwa mjukuu au kitukuu. Watu wa dunia kongwe wanaupenda sana huu mstari. Wenzao wana jibu zuri hata hivyo, wanasema Mwanzo 5 haikutaja majina tu, imetaja umri wa baba siku mtoto anazaliwa, sasa hata ukiruka majina ya katikati jumla haibadiliki. Na mimi naongeza, hata ukikubali mapengo utapata maelfu zaidi, haufiki mabilioni kwa njia hiyo. Mabilioni yanaingia kwa mlango mmoja tu, zile siku sita.

Hapo ndipo kwenye nyama.

Watu wa dunia changa wanasema soma kama ulivyoandikiwa. "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Jioni na asubuhi, unataka nini tena? (Jioni kutangulia asubuhi mtu wa pwani wala haimpi shida, usiku wa Ijumaa si ndio ule wa kuamkia Ijumaa.) Na wana mstari mzito kuliko huo, Kutoka 20:11, amri ya Sabato, "kwa siku sita Bwana alifanya mbingu, na nchi, na bahari", kwahiyo nawe fanya kazi siku sita upumzike ya saba. Kama siku za Mungu zilikuwa mamilioni ya miaka, amri ya wiki ya mtu wa kawaida imesimamia wapi? Hii hoja sio ya kuipuuza na utaelewa kwanini Wasabato hasa wanaishikilia, kwao ukigusa siku sita umegusa na ya saba.

Wa upande wa pili wanauliza swali moja dogo, jua liliumbwa siku ya ngapi? Ya nne. Sasa jioni na asubuhi za siku tatu za kwanza zilipimwa na nini? Swali hili sio la vijana wa intaneti, aliliuliza Origen wa Alexandria, Misri, karne ya tatu. Augustino, askofu wa Hippo, ambayo leo iko Algeria, karne ya tano mwanzoni alifikia mahali akasema Mungu aliumba vyote kwa mara moja na zile siku ni mpangilio wa kutusaidia sisi kuelewa. Waafrika wawili hao, na Darwin amekuja na kitabu chake cha mageuzi 1859, kwahiyo ule usemi kwamba tafsiri ya siku ndefu au siku za mfano ilizuliwa kumkimbia Darwin, hauna miguu. Ila tusimbebeshe Augustino mzigo usio wake, yeye huyo huyo aliamini binadamu hajamaliza hata miaka elfu sita tangu aumbwe. Alikataa siku za masaa 24, hakusema mabilioni. Watu wa dunia kongwe wanapenda kumnukuu nusu.

Baadae zikatokea njia kadhaa za kuzisoma hizo siku.

Kuna ya siku kama zama, kila siku ni kipindi kirefu. Hawa ndio wanaokutajia 2 Petro 3:8, kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Binafsi naona huo mstari wanautumia vibaya, Petro pale anazungumzia subira ya Mungu kuhusu kurudi kwa Kristo, hatoi jedwali la kubadilisha siku kuwa miaka, na hata ukiutumia hivyo utapata miaka elfu sita tu ya kuumba, bado uko mbali na bilioni. Hoja yao yenye nguvu zaidi iko Mwanzo 2:4 ambapo kazi yote ya kuumba inaitwa "siku ile Bwana Mungu alipoziumba mbingu na nchi", siku moja, wakati sura ya nyuma yake ilikuwa sita. Na siku ya saba haijafungwa na jioni wala asubuhi.

Kuna ya pengo. Hii kama unahudhuria mikutano ya injili umeisikia bila kujua jina lake, mhubiri anafundisha "dunia ya kwanza ya Lusifa", kwamba kati ya Mwanzo 1:1 na 1:2 ulipita muda mrefu, Lusifa akaasi, dunia ikaharibiwa ikawa "ukiwa, tena utupu", alafu Mungu akaitengeneza upya kwa siku sita. Ilienezwa na Thomas Chalmers, mchungaji wa Scotland, mwanzoni mwa miaka ya 1800, baadae ikaingia kwenye maelezo ya Biblia ya Scofield ya 1909, Biblia ya Kimarekani yenye maelezo ya mistari, na kutoka hapo ikasambaa kwenye makanisa ya kipentekoste dunia nzima. Inakupa mabilioni yako na siku zako za masaa 24 kwa pamoja, ndio maana inapendwa. Udhaifu wake ni kwamba hilo pengo lenyewe halijaandikwa pale, linaunganishwa na Isaya 14 na Ezekieli 28, na mistari hiyo ukiisoma kwa utulivu inaanza na mfalme wa Babeli na mfalme wa Tiro.

Na kuna ya mpangilio, ambayo nadhani ingefundishwa zaidi maana hata usipoikubali utasoma Mwanzo 1 kwa jicho jipya. Chukua karatasi, andika siku ya kwanza pembeni na ya nne, ya pili pembeni na ya tano, ya tatu pembeni na ya sita. Siku ya kwanza nuru na giza vinatenganishwa, ya nne linakuja jua, mwezi na nyota. Ya pili anga na maji, ya tano ndege na samaki. Ya tatu nchi kavu na majani, ya sita wanyama na mtu. Siku tatu za kuandaa mahali, siku tatu za kupaweka wakazi. Wanaosoma hivi wanasema mwandishi anapanga habari kwa hekima ya kumfundisha Mwisraeli kwamba jua na mwezi, ambavyo majirani zake waliviabudu, ni taa tu zilizotundikwa, wala hakuwa anajibu swali la masaa mangapi. Watu wa dunia changa wanajibu sawa, mpangilio ni mzuri, lakini kitu kupangwa vizuri hakimaanishi hakikutokea hivyo. Nao hapo wamejibu kweli.

Ila ukiniuliza ni wapi mtu wa dunia changa anaumia hasa, sio kwenye siku. Ni kwenye kifo. Warumi 5:12, kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani kati ya 1909 na 1913 walichimba mifupa ya dainosaria, wabebaji wetu wakaibeba kichwani mpaka bandarini, na mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin ana urefu wa mita 13 hivi kwenda juu. Kama yule mnyama alikufa mamilioni ya miaka kabla ya Adamu, basi mauti ilikuwepo kabla ya dhambi, na kama mauti ilikuwepo kabla ya dhambi, Kristo alikuja kushinda nini? Hapo ndipo uzito wa mtu huyu ulipo, anaona uzi mmoja ukivutwa msalaba unafumuka, kwahiyo ukimjibu kwa kumcheka haujamwelewa. Jibu la dunia kongwe ni kwamba Paulo anamalizia "mauti ikawafikia watu wote", watu, hakusema wanyama, na kwamba simba kula swala sio matokeo ya dhambi ya mtu, Zaburi 104:21 inasema wanasimba hutafuta chakula chao kwa Mungu. Upande wa kwanza unarudi na Mwanzo 1:30, wanyama walipewa majani. Mpira unaendelea.

Tuje kwenye umri wenyewe kama unavyopimwa, na hapa nitatembea haraka.

"Kaboni 14 imeshapatikana kuwa na makosa" ni sentensi utaisikia kila mjadala. Kaboni 14 inapima vitu vilivyowahi kuwa hai, mbao, mfupa, mkaa, na nusu yake inaisha kila miaka 5,730 hivi, kwahiyo ukifika miaka elfu hamsini imebaki kidogo mno haisomeki. Hakuna mtu anayepima mawe ya Amboni wala umri wa dunia kwa kaboni, ni sawa na kupima robota la mkonge kwenye mizani ya sonara. Kwa mawe wanatumia vitu vinavyopungua polepole sana, kama urani inayogeuka risasi (ile metali, sio ya bunduki), na aina kuu ya urani nusu yake inachukua miaka bilioni nne na ushee. Nyayo za Laetoli kule Ngorongoro zilipimwa kwa majivu ya volkano waliyokanyaga wale viumbe, miaka milioni 3.6 hivi. Na umri wa dunia ulipatikana 1956, mwanasayansi Mmarekani Clair Patterson akipima risasi iliyomo kwenye vimondo, akapata bilioni 4.55. (Ndiye huyo huyo aliyekuja kupigania risasi itolewe kwenye petroli.)

"Wanabadilisha namba kila siku" nayo ina ukweli wa zamani. Mwaka 1862 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Kelvin, alikadiria kati ya milioni 20 na milioni 400 kwa kuangalia dunia inavyopoa, hakujua mambo ya mionzi maana iligundulika 1896. Lakini tangu 1956 namba haijasogea kwa maana, sasa hivi wanasema 4.54. Watu wa dunia changa wanasema kasi ya kupungua huenda haikuwa ile ile zamani. Ni hoja inayowezekana kuisema, ila wana deni la kueleza kwanini vipimo tofauti, vya madini tofauti yenye kasi tofauti, vinakubaliana.

Na sasa silikanti, samaki wetu. Hakuna mjadala wa Tanga utaisha bila silikanti. Walimjua kwenye mawe tu, wakasema aliisha pamoja na dainosaria miaka milioni 66 iliyopita, alafu Desemba 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini, na kuanzia 2003 akaanza kuonekana Tanzania, hapa kwetu akinasa kwenye majarife ya papa, likubwa, la bluu lenye madoa meupe, mapezi yamekaa kama miguu mifupi, na nyama yake mafuta matupu hailiki vizuri. Mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake kutoka Tanga kushuka Pangani. Mhubiri anasema mnaona, walisema amekufa mamilioni ya miaka na mvuvi wa Kigombe kamtia kwenye ngalawa, kwahiyo mamilioni ni uongo. Taratibu. Walichokosea ni kusema ameisha, maana hawakumuona kwenye mawe ya karibuni, na kutomuona mtu sio kwamba hayupo. Umri wa yale mawe haukuguswa. Na wa leo sio yule yule wa kwenye mawe, ni wa ukoo huo lakini ni aina nyingine. Silikanti haithibitishi dunia changa wala haithibitishi dunia kongwe, anathibitisha bahari ni kubwa.

Kitu kingine, watu wanadhani dunia changa ndio imani ya "wahenga wote wa kanisa" mpaka juzi tu walipokuja waliberali. Spurgeon, yule mhubiri wa Kibaptisti wa London anayenukuliwa kila Jumapili, mwaka 1855 alisema mimbarani dunia ilikuwepo mamilioni ya miaka kabla ya Adamu, hakuona kama ni kesi. William Jennings Bryan, mwanasiasa Mmarekani aliyesimama mahakamani Tennessee mwaka 1925 kupinga mageuzi, alipobanwa kizimbani akakubali siku za Mwanzo zinaweza zisiwe za masaa 24. Aliyefufua kwa nguvu hoja kwamba gharika ya Nuhu ndiyo iliyopanga mawe yote ni Msabato wa Canada, George McCready Price, miaka ya 1920, na mwaka 1961 Wamarekani wawili, John Whitcomb na Henry Morris, wakaichukua wakaiandikia kitabu na ndipo ikaingia kwa walokole wengi. Kusoma siku kama siku ni kwa zamani, hilo ni kweli, askofu Basili wa Kaisaria alisoma hivyo karne ya nne. Ila hii ya leo yenye klipu za gharika na mawe ina umri wa mzee mmoja.

Na wale wanaosema maswali haya ni ya wazungu, wamuulize William Ngidi, Mzulu aliyekuwa akimsaidia Askofu Colenso wa Natal, Afrika Kusini, kutafsiri Biblia. Walipofika kwenye gharika akamuuliza, hivi haya yote ni kweli, wanyama wote hao wa nchi zote waliingia? Askofu akakiri alishindwa kujibu kwa moyo safi, akaandika kitabu 1862, na mwaka uliofuata akahukumiwa kwa uzushi.

Kwa leo makanisa yamekaa hivi. Wasabato mwaka 2015 kwenye mkutano wao mkuu San Antonio waliweka wazi kwenye imani zao kwamba kuumba ni kwa hivi karibuni na kwa siku sita halisi, ingawa ndani yao wapo wanaosema mawe na nyota vinaweza kuwa vya kale, uhai ndio mpya. Wakatoliki katekisimu yao, namba 283, inashukuru sayansi kwa kutufundisha umri na ukubwa wa ulimwengu, na aliyekuja na wazo la ulimwengu kuanza kutoka kwenye chembe moja, Georges Lemaître, alikuwa padri wa Ubelgiji. Ila usije ukadhani Mkatoliki ameachia kila kitu, maana Papa Pio wa 12 mwaka 1950 aliruhusu wasomi wachunguze mwili wa mtu umetoka wapi, akasema roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na kwamba haoni namna ya kuifundisha dhambi ya asili kama Adamu sio mtu mmoja. Kwahiyo padri anaweza kukubali bilioni nne na nusu bila jasho, ukamgusa Adamu akakaa sawa kwenye kiti, na hapo ndipo mabishano ya wasomi wa Kikristo yamehamia siku hizi, umri wa dunia wengi wao walishauacha nyuma.